Siki ya Bernadette

Kwetu huku, mtu akinunua kiyoyozi kipya cha nyumba nzima, mji mzima unajua kabla hakijawashwa. Lori linatoka Houston na maandishi makubwa ubavuni, linaegeshwa uani siku mbili, na kila apitaye na pikapu anapunguza mwendo ahesabu maboksi. Mimi, Ervin Kubena, nilinunua changu mwezi wa nane, miezi sita baada ya kumzika mke wangu, na nilikinunua kwa ajili ya kukwepa swali moja. Ningelijibu swali lile kwa ukweli, kazi yenyewe ingeisha kwa dakika tano na nisingetoa hata dola.

Niseme kwanza mimi ni mtu gani. Nimekausha mpunga wa kaunti hii miaka arobaini na moja. Mashine za kukaushia zile pale ushirika, feni zake, mikanda yake, mota zake, nilizijua kwa mlio tu. Wakulima walikuwa wakiniamsha usingizini, nami naenda, natengeneza, natukana kidogo, narudi. Kwa hiyo nina kichwa kikubwa kuhusu mashine, na sijawahi kukificha. Lakini nyumbani kwangu sikugusa kitu. Bernadette ndiye aliyelipa bili, ndiye aliyebadilisha chujio la kiyoyozi, ndiye aliyejua kila swichi. Mtambo wa baridi wenyewe ulikuwa ndani ya kabati la korido, hatua nne kutoka kiti changu cha kutazamia besiboli. Miaka kumi na sita nilikaa hatua nne kutoka pale, na sikuwahi kulifungua lile kabati.

Aliyeufunga mtambo huo ni Laddie Marek, kaka yake Bernadette. Laddie ana karakana ndogo ya viyoyozi karibu na reli, na nusu ya nyumba za mji huu zinapoa kwa mkono wake. Siku aliyoufunga wetu, Bernadette alimshikia tochi mchana kutwa, wakichekana kama watoto. Mimi na Bernadette hatukujaliwa watoto, na Laddie hajaoa, hivyo alipokufa mke wangu tulibaki wawili, mimi na shemeji yangu. Kila Jumapili baada ya misa nakwenda kwake. Anapika yeye, soseji na kabichi au kuku, tunakula, halafu tunacheza dhumna mpaka jua lipungue makali. Sina mtu mwingine, na hilo nalisema bila haya.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, tukiwa katikati ya mchezo, akaniuliza bila kuinua macho, "Shem, siki unamwaga?"

"Siki gani?"

"Ya bomba la maji, kwenye kabati. Bernie alikuwa anamwaga kikombe kimoja kila tarehe moja. Usipomwaga, ute unaziba bomba, maji yanajaa kwenye trei, boya linapanda, linazima mtambo wote."

Nilikuwa sijamwaga hata tone. Sikujua hata siki ilikaa wapi. Ningesema hivyo, Laddie angecheka, angekuja, angenionyesha, basi. Lakini nikamwambia, "Namwaga."

"Kila mwezi?"

"Laddie, nimekausha mpunga wa kaunti nzima miaka arobaini na moja. Leo unanifundisha bomba?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, injinia, yaishe. Weka kete yako, unachelewesha watu."

Nikaweka kete. Na baada ya hapo bado sikumwaga. Kila nikitaka kufungua lile kabati naona kama namfungulia mtu mlango aingie amalizie kumtoa Bernadette ndani ya nyumba. Lakini sitaki kujificha nyuma ya msiba. Ukweli ni kwamba nilishasema namwaga, na mtu aliyekwisha kusema anamwaga hawezi kwenda kuuliza siki iko wapi.

Mwezi wa nane, Jumanne mchana, mtambo ukazimika. Nje ilikuwa digrii mia moja na mbili kwa kipimo chetu cha Farenhaiti, joto la kukufanya ujute kuvaa soksi. Nikabonyeza kile kidude cha ukutani, nikabonyeza tena, wapi. Nikafungua kabati. Trei ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, na boya dogo jeupe linaelea juu yake. Nisiseme sikuliona. Nililiona.

Nikachukua simu. Jina la Laddie lilikuwa la pili, chini ya la Bernadette ambalo sijalifuta mpaka leo. Kidole kikasimama pale. Nilijua swali lake la kwanza litakuwa lipi. Nikaiweka simu mezani, nikajiambia kwamba mtambo mkubwa namna ile, wa miaka kumi na sita, hauwezi kusimamishwa na ukosefu wa kikombe cha siki. Nilijiambia hivyo mimi, fundi wa mashine. Halafu nikaenda kwenye pipa la karatasi nikalitoa tangazo lililokuja na barua, la kampuni ya Houston.

Asubuhi yake akaja kijana mmoja, mpole, kavaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu asichafue zulia. Akaangaza tochi ndani ya kabati.

"Mzee, huu una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akapiga mluzi. "Huu umekula chumvi nyingi, mzee wangu. Gesi yake hata haitengenezwi tena."

"Na haya maji?"

"Uzee huo. Ukizeeka unavuja hapa na pale." Akamulika juu zaidi, akatikisa kichwa. "Ila aliyekufungia alikuwa fundi kwelikweli. Tazama mabomba yalivyonyooka. Siku hizi huoni kazi kama hii."

Alisema hivyo, kwa mdomo wake, na yakumbuke maneno hayo. Mimi nilichotaka ni lile neno la kwanza, uzee, kwa sababu uzee hauna mwenye kosa. Nikaweka sahihi kwa kidole juu ya kioo cha tableti yake. Dola elfu kumi na nne na ushei, pesa ambazo mimi na Bernadette tulikuwa tumezitenga twende Moravia, kule Ulaya, kukiona kijiji walikotoka mababu zetu. Kesho yake lori likaja na watu watatu. Wakang'oa ule wa zamani wakaondoka nao, wakafunga mpya unaong'aa. Bomba la kutolea maji wakaliacha lile lile, kwa kuwa limepita ndani ya ukuta. Siku ya pili, nikiwa dirishani, niliiona pikapu ya Laddie inakuja taratibu. Ikapunguza mwendo mbele ya lile lori. Nikarudi nyuma ya pazia. Mzee mzima wa miaka sabini na moja, kajibanza nyuma ya pazia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ile pikapu haikusimama.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kununua kolache, vile vimkate vitamu vya matunda, na pale dukani kwa mwokaji nikamkuta Dennis Popp, mkulima wa mpunga, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Ervin! Nasikia sasa unalala kwenye friji!"

"Na wewe unasikia mengi."

"Lori nimeliona kwa macho yangu. Lakini hebu nieleze. Shemeji yako ni fundi wa viyoyozi, yuko hatua mbili, na wewe unaagiza watu Houston? Mmekosana?"

Watu wa kwenye foleni wakageuka. Mwokaji akaacha kufunga boksi. Nilitafuta kitu cha kusema, na kitu kilichokuja ndicho hiki: "Hatujakosana. Ila yule kijana wa Houston ameniambia ule wa mwanzo ulifungwa ovyo. Mabomba yamepinda, maji yakawa yanavuja miaka yote."

"Kumbe!" Dennis akasema.

"Msimwambie," nikasema. "Ni shemeji yangu."

Hebu fikiria hilo. Nilimpaka mtu matope halafu nikajifanya namsitiri.

Jumapili nilikwenda kula kama kawaida. Laddie alikuwa amekaanga kuku. Hakuuliza mpaka tulipokaa.

"Mbona hukuniambia, shem?"

"Sikutaka kukusumbua na joto hili."

"Ulikufa kabisa?"

"Ulikufa."

Akaisogeza sahani ya kuku. "Basi. Ulikuwa na umri wake. Ningetaka tu niuone kabla hawajauchukua. Nilimfungia Bernie ule." Akaniwekea paja la kuku, lile kubwa, na mimi nikalila.

Katika mji kama huu neno halilali. Baada ya wiki mbili lilinirudia limenenepa: dari ya Kubena imeoza, mbao zimeota ukungu, Laddie anafunga mabomba akiwa amelewa. Laddie ambaye bia moja inampeleka kitandani! Mteja mmoja akamsimamisha kazi, akafuata mwingine. Na hapo ndipo mambo yakawa mazito, kwa sababu ukumbi wa parokia ulikuwa unahitaji mtambo mpya kabla ya sikukuu ya mavuno. Ule wa zamani Laddie ameutunza bure miaka ishirini, akipanda juu ya paa lile kila Juni. Sasa waliokuwa wameomba kazi ni wawili, yeye na kampuni ile ile ya Houston. Kama mji ungempa kazi ya ukumbi, yale maneno yangekufa. Kama ungemnyima, ilikuwa ni kumtangazia kwamba maneno ni ya kweli, na karakana angeifunga kabla ya Krismasi. Waamuzi tulikuwa watatu: Bi Vlasta Janak mwenyekiti, Dennis Popp, na mimi. Kikao kilipangwa Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa.

Jumapili ya kabla ya kikao, nilipotoka misa, nyumba ilikuwa moto. Mtambo mpya, wenye wiki tano, kimya. Nikafungua kabati. Trei mpya imejaa maji, boya jipya linaelea. Nilisimama pale nikatazama, na nikajua kila kitu kwa mara moja, na kusema kweli si kwamba nilijua, nilikuwa najua tangu mwanzo. Ule wa zamani haukuwa umekufa. Nilikuwa nimeuua mimi kwa kufunga mdomo.

Nikapiga simu Houston. Sauti ya mashine ikaniambia Jumatano. Nikavua shati nikakaa barazani. Kwa Laddie sikwenda. Saa saba na nusu pikapu yake ikaingia uani.

"Shem! Bata anapoa mezani, na wewe umekaa uchi huku unawatisha majirani?"

"Mtambo umezima."

"Huu mpya?" Akasimama. "Umezimaje?"

"Ghafla tu."

Hakuingia hata ndani. Akachukua mashine ya kufyonza kutoka kwenye pikapu, akazunguka nyuma ya nyumba mahali bomba linapotokeza ukutani, akaifunga mdomoni mwa bomba kwa tambara, akaiwasha. Ikanguruma, ikakwama, halafu ukatoka ute mweusi mrefu unaonuka, kiasi cha kujaza bakuli. Nilitazama kile kitu kikitikisika kwenye majani nikatamani ningepata shimo la kuingia.

"Miezi mingi hii," akasema, kwa sauti ya chini. Halafu, "Niletee siki. Iko chini ya sinki, Bernie aliiweka huko."

Nikaingia jikoni, nikapiga magoti, nikafungua. Ilikuwa pale nyuma ya sabuni, galoni ya plastiki. Mke wangu alikuwa amebandika utepe mweupe kuanzia juu hadi chini, na juu yake ameandika miezi yote kumi na miwili kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa ofisini, kila mwezi na kisanduku chake. Januari ilikuwa na alama ya tiki. Februari alikuwa hospitali. Siki ilikuwa imepungua kikombe kimoja tu. Alinunua galoni nzima akiwa anajua anaumwa, akaniandikia miezi yangu.

Ningelia pale chini ningekuwa mtu. Nilichofanya ni hiki. Juu ya meza kulikuwa na kalamu ya wino wa buluu ninayojazia mafumbo ya gazeti. Nikaichukua, nikapiga tiki Februari. Nikapiga Machi, Aprili, Mei.

"Shem!" Laddie akaita nje. "Siki unaifuata dukani?"

"Nakuja!"

Juni, Julai, Agosti, Septemba. Tiki nane, juu ya utepe wa mke wangu. Nikamimina sehemu kubwa ya siki kwenye sinki, maji yakiwa yamefunguliwa ili isisikike, nikatoka.

Laddie alikuwa ameshaingia koridoni. Akaipokea ile galoni, akautazama utepe muda mrefu. Akaupitisha kidole gumba juu yake, polepole, kutoka Januari kwenda chini.

"Mwandiko wa Bernie," akasema.

"Ndiyo."

Akamwaga kikombe kimoja kwenye bomba, akafunga kifuniko, mtambo ukanguruma ukaanza. Nikaona anajifuta kidole gumba kwa tambara. Kilikuwa na wino wa buluu. Akakifuta mara mbili, akalikunja tambara, akalitia mfukoni.

Mlangoni akasema, "Umesikia wanavyonisema? Ati nimeozesha dari yako. Yule kijana wa Houston ana mdomo mchafu."

Hapo nilipewa nafasi mkononi kabisa. Nikasema, "Vijana wa siku hizi."

Jumanne nilikwenda kikaoni na ile galoni kwenye kiti cha pikapu. Nilikuwa nimekula kiapo kwamba nitaingia nayo, nitaiweka mezani, nitasema. Saa kumi na moja jioni jua bado linachoma. Nikazima gari, nikaitazama galoni, nikashuka bila galoni.

Bi Vlasta ana miaka themanini na mbili na alifanya kazi ofisi moja na Bernadette pale parokiani miaka ishirini. Hana mchezo. Alituketisha chini ya feni, akasoma maombi mawili, akavua miwani.

"Haya. Dennis."

"Houston," Dennis akasema. "Laddie nampenda, lakini ukumbi huu mbao zake ni za babu zetu. Sitaki zioze kama kwa Ervin."

"Ervin."

"Laddie," nikasema.

Wote wawili wakanitazama. Bi Vlasta akavaa miwani tena. "Kijana," akasema, ananiita kijana mimi, "si wewe uliyesema amekufungia ovyo?"

"Nafikiri nilikosea."

"Ulikosea nini? Mabomba yalipinda au hayakupinda?"

"Inawezekana nilielewa vibaya."

"Ulielewa vibaya, au unamtetea kwa sababu ni ndugu wa mkeo?"

Uso uliniwaka. Dennis akawa ananihurumia, naye huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kelele zake. "Mwache, Bi Vlasta," akasema. "Ni ukwe huo. Hata mimi ningempigia kura wa kwetu."

Nikaacha iwe hivyo, nikaacha nionekane shemeji mwema. Bi Vlasta akahema. "Basi Houston," akasema. "Inaniuma, lakini Houston."

Nje, Laddie alikuwa ameegemea pikapu yake chini ya mti wa mpekani, kofia mkononi. Amevaa shati la kanisani, siku ya Jumanne.

"Vipi, shem?"

"Houston."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Akaivaa kofia, akaivua. "Wewe ulisemaje?"

"Nilikupigia wewe."

Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante," akasema. "Najua haikuwa rahisi, maana nyumba yako ndiyo wanayoisema. Asante, shem. Mwingine angeogopa watu." Pembeni ya ukucha wa kidole chake gumba bado kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu. Ule wino alikuwa ameuona, na siki alikuwa anajua, na bado alikuwa ananishukuru. "Jumapili uje mapema," akasema. "Yule bata wa juzi nilimla peke yangu, nitachinja mwingine."

Nimeaibika mara nyingi maishani, mtu mwenye mdomo kama wangu hawezi kuepuka. Lakini kushukuriwa namna ile, hapana. Nilimwachia mkono. Nikaenda kwenye pikapu yangu, nikafungua mlango, nikachukua galoni, nikarudi ukumbini. Sikumwambia anifuate. Nilisikia tu viatu vyake kwenye kokoto nyuma yangu.

Bi Vlasta alikuwa anakusanya vikombe. Dennis ameshika kofia. Nikaiweka galoni katikati ya meza.

"Hii nini?" Dennis akauliza. "Umetuletea kachumbari?"

Bi Vlasta akainama. Akaugusa utepe. "Huu ni mwandiko wa Bernadette," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Januari, Februari, Machi... Mungu wangu, huu mwandiko." Akaigeuza galoni kwenye mwanga. "Januari ameweka alama kwa penseli. Hizi za wino ni za nani?"

"Zangu."

"Nane zote?"

"Nane zote. Nimeziweka juzi Jumapili, kwa dakika moja, Laddie akiwa mlangoni."

Nikawaambia ile siki kazi yake ni nini. Nikawaambia niliulizwa mwezi wa tano nikadanganya, na mtambo wangu ulizimika kwa sababu ya ute wa bomba, si kwa uzee, si kwa ufundi mbovu. Nikawaambia yule kijana wa Houston hakumsema Laddie vibaya hata kidogo, kwamba alimsifu, alisema mabomba yamenyooka. Maneno ya kupinda niliyatunga mimi pale kwa mwokaji, mbele ya foleni, kwa sababu niliona haya kusema kwamba sijui kumwaga kikombe cha siki.

"Elfu kumi na nne," Dennis akasema taratibu, "kwa kikombe cha siki?" Akaanza kucheka, akaona nilivyo, akaacha. Afadhali angecheka.

Bi Vlasta akaketi. "Kura bado sijaiandika," akasema. "Dennis, keti. Tunaanza upya." Halafu akanitazama juu ya miwani. "Wewe huna kura. Kaa pale."

Laddie alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akaja mpaka mezani, akaichukua ile galoni, akaigeuza akautazama utepe kama alivyoutazama Jumapili.

"Wino niliuona," akasema. Alikuwa anasema na mimi lakini anaitazama galoni. "Ulinishika kidoleni. Nikasema moyoni, huyu amefiwa, mwache. Hayo ya siki ningekaa nayo mpaka kufa, nisikuulize." Akaiweka chini. "Lakini jina langu, Ervin."

Miaka arobaini na minne mtu huyu ameniita shem. Tangu siku ya harusi yangu, kabla sijatoka kanisani, aliniita shem. Siku ile aliniita Ervin, kama anavyowaita watu wa dukani, akaivaa kofia akaondoka bila kungoja kura.

Kazi alipewa, kura mbili kwa sifuri. Aliifanya vizuri, mabomba yamenyooka, na sikukuu ya mavuno tulicheza polka ndani ya baridi safi. Dennis aliutangaza ukweli kwa sauti yake ile ile ya ng'ombe, na wateja wakarudi. Mimi sasa pale kwa mwokaji naitwa Siki. Nikiingia tu: "Siki huyo! Mpeni kolache kabla hajanunua lori!" Naipokea. Siki ya bomba la ukumbini pia namwaga mimi, Bi Vlasta alinikabidhi ufunguo bila kuniuliza kama nataka.

Tarehe moja Oktoba nilifungua kabati, nikamwaga kikombe, nikatafuta penseli ya Bernadette kwenye droo yake, nikapiga tiki ndogo. Zile nane nilijaribu kuzifuta. Wino haufutiki, na nikisugua zaidi utepe unachanika.

Jumapili tatu zikapita sikualikwa, na sikwenda. Ya nne simu ikalia.

"Chakula kiko tayari," Laddie akasema. "Njoo ule, Ervin."

Nikaenda. Alikuwa amepika bata. Alinipa paja, lile kubwa, tukacheza dhumna mpaka saa kumi, tukaongea habari za mvua na bei ya mpunga. Nilikuwa nasikiliza kila alipofungua mdomo. Aliniita Ervin mara zote.